Katiba ya wasomi isimfungie mlango mwalimu wa Msata

Chama cha wasomi hakianzi siku mwenyekiti anapochaguliwa na kupigiwa makofi. Huanza siku watu wachache wanapoketi mezani na karatasi tupu mbele yao, wakaulizana: nani awe mwanachama, nani apige kura, na chama kiwajibike kwa nani. Mengine yote yatakayoandikwa baada ya hapo, tangu nembo ya chama mpaka utaratibu wa kutia saini hundi za benki, ni nyongeza tu juu ya majibu ya maswali hayo matatu.

Nayasema haya nikijua kwamba katika nchi yetu katiba za vyama huandikwa mara nyingi kwa haraka, ili kumridhisha Msajili wa Vyama aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kwa kuwa Sheria ya Vyama, Sura ya 337, inataka chama kiwe na katiba kabla ya kuandikishwa. Basi hutafutwa katiba ya chama jirani, jina la zamani likafutwa, jina jipya likapachikwa; na kwa namna hiyo chama cha wanahistoria huweza kujikuta kinaendeshwa kwa vifungu vilivyotungwa kwa ajili ya wafuga kuku. Wanaofanya hivyo ni watu wenye shahada mbili na tatu. Wakiulizwa, husema katiba ni karatasi tu, kazi ndiyo muhimu. Nataka kuonyesha kwamba hawasemi kweli, na kwamba ushahidi tunao, wa ng'ambo na wa nyumbani.

Tuanze na ng'ambo, kwa wenzetu Weusi wa Marekani, ambao waliandika katiba za namna hii kabla yetu na walilipia makosa yao kabla yetu.

Mnamo tarehe 5 Machi, 1897, katika mji wa Washington, iliundwa Akademia ya Wanegro wa Marekani. Ndivyo walivyojiita wenyewe enzi zile. Mwanzilishi wake, Alexander Crummell, alikuwa padri mzee aliyepata kuishi Liberia kwa kiasi cha miaka ishirini. Kati ya waliokuwa pamoja naye alikuwamo kijana W.E.B. Du Bois, ambaye baadaye alimrithi urais, na ambaye mwaka 1963 alifia Accra akiwa raia wa Ghana. Nia yao ilikuwa njema, tena ya kishujaa. Marekani ya siku zile watu Weusi walikuwa wakinyongwa mitini bila ya hukumu, na maprofesa wa vyuo vyenye sifa walikuwa wakiandika vitabu vya kuthibitisha kwamba Mwafrika hana akili. Crummell na wenzake walikusudia kuwajibu maprofesa hao kwa silaha yao wenyewe, yaani kalamu.

Lakini itazame katiba waliyoiandika. Wanachama wawe waandishi, wasomi, wasanii na watu mashuhuri. Wawe wanaume wenye asili ya Afrika. Na wasizidi 40. Taifa zima la watu Weusi, mamilioni kwa mamilioni, wengi wao waliozaliwa utumwani au na wazazi watumwa, likapewa viti 40, na mwanamke hata kimoja. Akademia ilitoa vijitabu 22, baadhi yake vyenye thamani mpaka leo. Hata hivyo, mwaka 1928 ilizimika, na sidhani kama mkulima wa pamba wa Mississippi alipata kujua kwamba iliwahi kuwaka. Rais wake wa mwisho alikuwa Arthur Schomburg, mzaliwa wa Puerto Rico, mtu asiyekuwa na shahada yoyote ya chuo kikuu. Huyu asiye na shahada ndiye aliyekusanya maelfu ya vitabu na nyaraka za watu Weusi, mkusanyo ulionunuliwa mwaka 1926 kwa ajili ya maktaba ya umma ya New York, na ambao mpaka leo watafiti wa dunia nzima huuendea mtaani Harlem. Yaani jambo kubwa lililodumu kutoka miongoni mwa wale 40 lililetwa na yule ambaye chama kikali zaidi cha wasomi kingemzuia mlangoni.

Sasa mtazame Carter G. Woodson. Wazazi wake walikuwa watumwa. Yeye mwenyewe alichimba makaa ya mawe katika ujana wake kabla ya kupata udaktari wa historia pale Harvard mwaka 1912. Mtu wa namna hiyo angeweza, kama wengi walivyofanya na wanavyofanya, kuipanda ngazi na kuivuta juu. Mnamo Septemba 1915, katika mji wa Chicago, aliunda chama cha kuchunguza maisha na historia ya watu Weusi, na hakuweka idadi ya viti. Mwaka uliofuata chama kikaanza jarida la wataalamu. Mwaka 1926 kikaanzisha juma la historia ya watu Weusi, lililoadhimishwa mashuleni na makanisani. Mwaka 1937 kikaongeza jarida la pili, jepesi, lililoandikwa makusudi kwa ajili ya walimu wa shule na wanafunzi wao. Kuanzia mwaka 1936 mpaka 1951 rais wa chama hicho alikuwa mwanamke, Mary McLeod Bethune, mwalimu. Chama hicho kingali hai, kimepita miaka mia moja, na lile juma lake limekuwa mwezi mzima.

Walikuwa watu wa rangi moja, wenye maadui wale wale, na kwa miaka kadhaa waliishi katika mji ule ule. Kilichowatenga ni kifungu cha uanachama.

Wako watakaosema: hayo yalikuwa mambo ya zamani. Haya, tuje karibu zaidi. Mwaka 1957 Wamarekani waliunda Chama cha Masomo ya Afrika, rais wake wa kwanza akiwa Melville Herskovits. Katiba ya chama hicho iliwagawa wanachama katika madaraja. Wale wa daraja la juu ndio waliokuwa na kura, na wengine walikaribishwa kulipa ada na kusikiliza. Haikuandikwa popote kwamba mtu Mweusi asipige kura. Haikuwa lazima. Ukishaweka daraja, na ukawapa walio juu kazi ya kuwateua watakaowafuata, rangi hujichagulia yenyewe. Mwaka 1968, mkutanoni Los Angeles, wasomi Weusi walianza kunung'unika kwa pamoja. Mwaka uliofuata, Oktoba 1969, pale Montreal nchini Kanada, walisimamisha mkutano. Kiongozi wao alikuwa John Henrik Clarke, mtoto wa wakulima maskini wa Alabama, aliyejisomesha historia katika maktaba za Harlem, ambako Schomburg yule yule alikuwa mmoja wa walimu wake. Dai lao kuu halikuwa fedha wala vyeo vya kufundisha. Lilikuwa la kikatiba: halmashauri ya chama iwe nusu kwa nusu, wenye asili ya Afrika na wasio nayo. Walikataliwa. Wakatoka, wakajenga chama chao cha masomo ya urithi wa Afrika, Clarke akawa rais, na uanachama wakauweka kwa watu wenye asili ya Afrika, popote walipo duniani.

Hapo ndipo panapozuka swali ambalo msomaji Mtanzania hawezi kuliruka. Je, chama kinachowapokea Weusi peke yao si ubaguzi ule ule uliogeuzwa shati? Sisi tulifundishwa tangu utoto kwamba binadamu wote ni ndugu na Afrika ni moja. Lakini na tuwe wakweli kuhusu historia yetu wenyewe. TANU, iliyozaliwa Julai 7, 1954, ilianza kwa uanachama wa Waafrika peke yao, na ilikuwa baada ya Uhuru ndipo ilipofungua mlango kwa raia wa asili zote. Wala hakuna mwenye akili timamu atakayesema kwamba TANU ilikuwa ya kibaguzi. Miche inapokuwa midogo huzungushiwa uzio ili isiliwe na mbuzi. Ikishakuwa miembe, uzio huondolewa, na mbuzi huja kulala kivulini. Wale wa Montreal walikuwa na miche. Kama sasa ni miembe au sivyo, wao wenyewe ndio wa kusema, si mimi niliye huku.

Ila nina shaka moja na kifungu cha rangi, nayo si ile ya ubaguzi. Shaka yangu ni kwamba kifungu hicho huwatosheleza watu upesi mno. Mtu akishaandika katika katiba kwamba chama ni cha wasomi Weusi, hujiona amemaliza kazi ya ukombozi. Lakini mtu anaweza kuwa mweusi kama mpingo na bado akatuchunguza kwa jicho la bwana shauri: akaja na daftari, akauliza, akaandika, akaondoka. Aliyeulizwa hajui kilichoandikwa, na hana kifungu chochote cha kumwezesha kukidai.

Na hapa sasa niseme kwa nini jina la Msata limo katika kichwa cha makala haya. Msata ni mahali ambapo barabara itokayo Bagamoyo hukutana na ile kuu ya kwenda Segera, na kutoka hapo Tanga, Moshi na Arusha. Kwa wengi ni mahali pa kupita, kununua mananasi ya Kiwangwa na kuendelea na safari. Wasomi nao wamepita sana katika wilaya hii. Wamechimba Kaole, wamepima majumba ya mjini Bagamoyo, wamewahoji Wakwere, Wazigua, Wadoe na Waparakuyo. Mtafiti huja na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, hupita mkoani, wilayani, kwenye kata, mwisho huketi katika ofisi ya kijiji na kutia saini kitabu cha wageni. Mara nyingi, saini hiyo ndiyo maandishi pekee ya mtafiti ambayo kijiji hubaki nayo.

Lakini wilaya hii hii ilipata kuona jaribio la namna nyingine. Kati ya miaka 1975 na 1979, upande wake wa magharibi ambako Msata imo, uliendeshwa mradi wa utafiti wa utamaduni na maendeleo ulioitwa Jipemoyo. Waliouendesha ni Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana kwa upande wetu, pamoja na Akademia ya Finland, na aliyeuongoza alikuwa Marja-Liisa Swantz. Jina lenyewe lilikuwa jibu: Bagamoyo wanaoifasiri husema ni mahali pa kubwaga moyo, hawa wakasema, jipe moyo. Na msingi wa mradi ulikuwa kwamba mwanakijiji si kitu cha kuchunguzwa bali ni mtafiti mwenza: shida ianze kwake, majadiliano yawe naye, na matokeo yamfae. Walifanya kazi na wahunzi, na wafugaji wa Lugoba, na wanawake wa vijijini. Mmoja wao, Ulla Vuorela, alitoa mwaka 1987 kitabu kizima kuhusu wanawake na uzazi katika kijiji cha Msoga, ambacho leo kila Mtanzania anakijua kwa sababu nyingine.

Jambo hilo lilikuwa la maana sana, na nasikitika kwamba halikumbukwi inavyostahili. Walioliongoza hawakuwa wasomi Weusi, au tuseme hawakuwa Weusi wote. Kulikuwa na Wafini na Watanzania. Kwa hiyo, kwa kipimo cha rangi, mradi ule usingeingia katika chama cha akina Clarke. Kwa kipimo cha kuwajibika kwa wanaochunguzwa, ulikuwa umevipita vyama vingi vya wasomi Weusi. Pamoja na hayo, tazama ulipoishia: vitabu vyake vikuu vilitoka kwa Kiingereza, na anayevitaka atafute maktaba kubwa. Mradi ulikuwa na moyo mzuri lakini haukuwa chama. Haukuwa na katiba iliyowafunga waliokuja baadaye. Watu walipoondoka, desturi iliondoka nao.

Hii ndiyo hoja yangu yote. Nia njema ya mtu mmoja hufa naye au husafiri naye. Kifungu cha katiba hubaki, hata aliyekiandika akisahauliwa.

Vyama vyetu vya nyumbani vilifika karibu na jambo hili, vingine karibu sana. Chama cha Historia cha Tanzania kiliundwa mwaka 1966, na tangu mwanzo kilikusudia kuwaunganisha wahadhiri wa Mlimani na walimu wa shule. Kilitoa vijitabu vyembamba, vya bei ambayo mwalimu aliimudu. Walter Rodney, kijana kutoka Guyana, alikiandikia mwaka 1967 kijitabu juu ya Afrika Magharibi na biashara ya watumwa ya Atlantiki. Gwassa na Iliffe wakatoa mwaka 1968 kumbukumbu za Vita vya Maji Maji. Na mwaka 1969 ikatoka, kwa jina la chama hicho, historia ya Tanzania iliyohaririwa na Kimambo na Temu, ambayo vizazi kadhaa vimeisoma. Woodson angekitambua chama hicho mara moja kuwa ndugu yake. Lakini vijitabu hivyo nilivyovitaja viliandikwa kwa Kiingereza. Wazee wa kusini walisimulia Maji Maji kwa Kiswahili na kwa lugha zao. Ushuhuda wao ulipochapwa, wengi wao wasingeweza kuusoma hata kama wangeletewa mlangoni.

Mwaka 1973 mambo mawili makubwa yalitokea. Hapa Dar es Salaam kiliundwa Chama cha Sayansi ya Siasa cha Afrika. Na Dakar likaundwa lile baraza la utafiti wa sayansi za jamii liitwalo CODESRIA, ambalo Samir Amin alikuwa mmoja wa waasisi wake. Vyama hivi viliuvunja mpaka ambao mabeberu waliuchora kati ya msomi asemaye Kiingereza na msomi asemaye Kifaransa, na hilo si dogo. Hata hivyo, lugha walizokutania ni zile za mabeberu wenyewe, na Kiarabu kikaongezwa. Mwaka 1975 waandishi wa Afrika walipoungana huko Accra, Wole Soyinka akiwa katibu mkuu, walitoa wito kwamba Kiswahili kiwe lugha ya bara zima. Wito wenyewe, bila shaka, haukuandikwa kwa Kiswahili. Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya kazi mwezi Februari 2022, miaka 47 baadaye. Marais walitangulia, maprofesa bado wanatafakari.

Nisisahau Juni 1974, Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika, katika Ukumbi wa Nkrumah pale Mlimani. Tuliupokea kwa fahari, na ilistahili. Lakini utaratibu wa nani aitwe mjumbe uliwekwa mikononi mwa serikali, na vyama vya upinzani vya visiwa vya Karibi vikaachwa nje kwa sababu serikali za kwao hazikuvitaka. C.L.R. James, mzee aliyekuwa miongoni mwa walioupigania mkutano huo uwepo, alikataa kuja. Kifungu kimoja cha utaratibu, na mkutano wa watu Weusi wa dunia ukakosa sauti ya mmoja wa wazee wake wakubwa. Asiyekuwapo na lake halipo.

Kutokana na hayo nina mapendekezo kwa vijana wa vyuo vyetu wanaounda vyama, au wanaorithi vya zamani na kutaka kuvifanyia marekebisho.

Kwanza, daraja la wanachama liwe moja na kura iwe moja. Mwalimu wa sekondari ya Msata anayefundisha historia awe na kura sawasawa na profesa. Mzee ajuaye matambiko na mipaka ya koo awe na haki ya kuingia kwa ujuzi wake, bila ya kuulizwa cheti. Akili ni nywele. Najua wataalamu watasema kwamba chama kitajaa watu wasiojua taratibu za utafiti. Inawezekana. Schomburg naye hakuwa na cheti.

Pili, na hili ndilo ninaloliona kuwa roho ya jambo, katiba iwe na kifungu cha kurejesha. Mwanachama aliyefanya utafiti katika kijiji au mtaa wowote asihesabiwe kuwa ameumaliza mpaka amepeleka muhtasari wake kwa Kiswahili katika ofisi ya kijiji na katika shule iliyo karibu, na amesimama mbele ya mkutano wa kijiji akaulizwa maswali. Asiyetimiza asigombee uongozi wa chama. Wala isiwe "anashauriwa" au "anahimizwa". Hayo ni maneno ya kumpa mtu njia ya kutorokea. Mwalimu Nyerere aliwahi kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Naye akishakula asiporudi, ni msaliti. Sote tumekariri mfano huo shuleni. Lakini hakuna chama cha wasomi ninachokijua kilichougeuza kuwa kifungu chenye adhabu.

Hapa patakuja upinzani ambao hauna budi kuheshimiwa. Aprili 19, 1990, vyama vya wanataaluma vya vyuo vyetu vilitangaza Azimio la Dar es Salaam juu ya uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii, na mwezi Novemba mwaka huo likafuata Azimio la Kampala. Maazimio hayo yalizaliwa na hofu ya kweli, kwa kuwa msomi wa Afrika alikuwa amekwisha kunyang'anywa hati ya kusafiria, kufukuzwa kazi na kutiwa ndani kwa sababu ya maandishi. Je, kifungu cha kurejesha hakitakipa kijiji, au ofisa wa kijiji, rungu la kumnyamazisha mtafiti? Kitampa, kama kikiandikwa vibaya. Ndiyo maana nasema kurejesha, sisemi kuomba ruhusa. Mkutano wa kijiji uulize, ukosoe, ukasirike ukipenda. Usiwe na mamlaka ya kufuta. Waandishi wa Azimio la 1990 waliweka uhuru na wajibu katika jina moja, na nafikiri walijua walichokuwa wakifanya. Kwa bahati mbaya nusu ya kwanza ya jina hilo ndiyo inayotajwa zaidi mikutanoni.

Tena kuna jambo lililo zito kuliko hilo. Mwanamke aliyemweleza mtafiti habari za ndoa yake, za mimba zilizoharibika, za mume aliyeuza shamba kwa siri, hakuyasema hayo ili yasomwe kwa sauti chini ya mwembe mbele ya mume huyo. Kurejesha si kuanika. Katiba iagize kwamba majina na alama za watu ziondolewe, na kwamba yaliyosemwa na wanawake yarejeshwe kwanza kwa wanawake wenyewe, nao waamue yapi yaende mkutanoni. Kifungu cha namna hii ni kigumu kukiandika. Lakini tunao wanasheria, na kazi yao isiwe mikataba ya madini tu.

Lugha sitaizungumzia sana, maana nimekwisha kuigusa. Katiba iandikwe kwa Kiswahili, na ikiwa ipo na tafsiri ya Kiingereza kwa ajili ya wenzetu wa nje, basi pakitokea mgongano wa maana, Kiswahili ndicho kishike. Katiba nyingi za vyama vya kitaaluma nilizopata kuzisoma zimeandikwa kinyume cha hivyo.

Inabaki fedha. Tafsiri haifanywi bure, wala safari ya kutoka Mlimani mpaka Msata, ingawa tangu barabara ya Bagamoyo kuja huku iwekwe lami si safari ya kulalamikia. Chama kinachoishi kwa ruzuku ya wafadhili peke yao kitamrejeshea taarifa mfadhili, kwa lugha ya mfadhili, kwa tarehe ya mfadhili. Na kijiji kitangoja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ada ya mwanachama ilingane na kipato chake, profesa atoe cha profesa na mwalimu cha mwalimu, na katiba itenge sehemu ya ada hiyo, kwa kiwango kilichoandikwa, kwa ajili ya kurejesha tu. Mweka hazina akiigusa kwa kununulia vitambulisho vya mkutano, aulizwe.

Chama kitakachokubali kifungu hicho hakitakosa kazi ya kuanzia. Kile kitabu cha Msoga cha mwaka 1987 kipo, na majuzuu ya Jipemoyo yapo. Yatafsiriwe kwanza hayo, yaletwe Lugoba, Msoga na hapa Msata, yasomwe mbele ya wale walioyasema. Msichana aliyekuwa na miaka ishirini wakati mradi ule ulipoanza sasa amefika sabini, naye hajapata kuambiwa aliandikwa nini.